Karatasi ya Namba Saba

Jina la "Karibu Ndani" nilimpa mimi. Watu wengi hapa mtaani wanadai walilianzisha wao, na kinyozi jirani yangu ameliapia mara mbili mbele ya wateja, lakini kinyozi huyo anaapa hata anapokuambia wembe ni mpya. Jina lilitoka kinywani mwangu, mstari wa mbele, mechi ya pili ya msimu wa mpira wa kikapu. Jitu la timu ya wageni lilimpita kijana wetu kushoto, zamu iliyofuata likampita kulia, likafunga, kisha wakati wa kurudi likampigapiga mgongoni kama mgeni anayemshukuru mwenye nyumba. Nikasimama nikapaza sauti: "Karibuni ndani! Viatu vueni mlangoni!"

Uwanja mzima ulicheka. Tangu siku hiyo kijana hakuwa na jina jingine.

Huyo kijana ndiye mleta mpira. Kocha anamwita pointi gadi, anavyotaka yeye, lakini kazi ni ile ile: anauleta mpira kutoka nyuma akiudunda, anaangalia nani yuko wazi, anagawa, na asipoona wa kumpa anatupa mwenyewe. Kudunda alijua. Kugawa alijua kuliko watu wazima. Lakini kutupa! Mpira ulimtoka kifuani kama mtu anayemwaga maji ya vyombo nje ya mlango. Katika mechi sita alifunga vikapu vinne, na kimoja katika hivyo alikuwa anampa mwenzake pasi. Kukaba ndiyo usiseme. Wenzake wakikaba wananyoosha mikono mpaka unadhani wanaanika nguo. Yeye mikono yake ilibaki usawa wa kiuno, kama mhudumu wa hoteli anayengoja kuambiwa mteja atakunywa nini.

"Mikono juu!" nilikuwa nikipiga kelele. "Mikono juu, wewe! Umezaliwa nayo ya nini?"

Sauti yangu ni ya miaka mingi ya kushindana na cherehani, kwa hiyo alinisikia.

Sasa nieleze kwa nini iliniuma mimi kuliko wengine. Mimi ni fundi wa nguo. Jezi za timu hii nimeshona tangu uwanja ukiwa udongo mtupu, kabla hawajamwaga saruji na kuweka zile ngazi tano za kukalia. Jezi zangu ni za njano, na zina kijikono kifupi cha urefu wa vidole vinne, kwa sababu nakaa mstari wa mbele na sitaki kuangalia makwapa ya watu wazima saa nzima. Namba saba aliivaa mwanangu. Aliuleta mpira misimu mitano, akiinamia kushoto, ulimi nje, na mimi nikimwambia kila siku kwamba ipo siku atauuma.

Hakuuuma. Aliondoka nao mzima. Ni fundi umeme, akapata kazi nchi ya mbali, na sasa ni miaka kumi na mmoja. Amerudi mara moja tu, kumzika baba yake, akakaa siku nne, na mbili katika hizo alilala. Kwenye simu huwa namuuliza unakuja lini, naye hujibu, "Mwakani, mama." Basi ninazo mwakani kumi na moja: tano ziko uwanjani, sita ziko benchi.

Alipoondoka, jezi yake niliiweka sandukuni, na namba saba sikuishona tena. Kila msimu nilishona nne, tano, sita, nane. Kocha hakuuliza. Kocha ni mtu wa filimbi, lakini akili anayo.

Mwaka huu ndipo akaja huyu kijana kutoka upande wa pili wa reli. Siku ya kwanza nilimwona akidunda mpira akiinamia kushoto. Ulimi, nje. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini kwanza.

"Huyu atavaa saba," nikamwambia kocha.

"Mama, una uhakika?"

"Nimekuuliza swali mimi?"

Wachezaji wengine niliwapima kwa futi, mmoja mmoja, wakicheka kwa kutekenywa. Yeye sikumpima. Mafundi wa zamani tuna desturi yetu: mteja wa kudumu unamkatia karatasi ya kaki yenye umbo lake, mgongo, kifua na kwapa, unaitoboa tundu na kuitundika kwenye msumari. Akija tena hupimi, unachukua karatasi yake unakata. Nyuma ya mlango wangu zimejaa, nyingine wenyewe wameshatangulia. Karatasi ya mwanangu ilikuwa pale pale, ya umri wa miaka kumi na minane, na kwenye bega kuna alama ya penseli aliyoichora mwenyewe akinisubiri, kijitu kinachotupa mpira. Niliitandaza juu ya kitambaa cha njano, kipande cha mwisho cha jora, nikakata. Nikajiambia mwili ni mmoja.

Siku ya kujaribu, alisimama mbele ya kioo na mimi nyuma yake. Namba saba mgongoni. Nikageuka upesi kutafuta pini, nikatafuta kwenye kopo, kwenye droo, chini ya pasi, na pini zote zilikuwa mdomoni mwangu. Nilipomrudia, alikuwa amefungua kinywa kutaka kusema kitu. Akanitazama kwenye kioo, akakifunga.

"Imekaa?" nikamuuliza.

"Imekaa, bibi. Asante."

Ndivyo ilivyoanza. Halafu zikaja hizo mechi sita.

Ya sita ilikuwa Jumatano. Tulifungwa mpaka refa akatuonea huruma. Kinyozi alikuwa kando yangu akila karanga zangu.

"Mama, leo huyu wako ametandika na mkeka," akasema.

"Si wangu. Ni wa kocha."

"Jezi ni ya nani?"

Nikamnyang'anya karanga.

Mechi ilipokwisha kocha alikuja kuinama mbele yangu, maana mimi siinuki haraka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho, tukishinda tunabaki daraja letu, tukishindwa tunashuka. Angemwanzisha kijana kwa mara moja ya mwisho. "Akicheza tena hivi, mama, namtoa kipindi cha kwanza na simrudishi. Mwakani natafuta mwingine."

Neno lenyewe hilo, mwakani, lilinikaa vibaya.

Nikaona saba ikirudi kwenye sanduku. Miaka kumi na zaidi nimeishi bila kuiona ikikimbia na sikufa, lakini ukishaonjeshwa kitu tena ni shida. Nilimtaka yule kijana afunge kama mtu anavyotaka mvua ikome nguo zikiwa nje. Na kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kumsaidia, nilimsubiri apite na begi lake nikamwambia, "Mikono juu, mwanangu. Hata mwizi akikamatwa ananyanyua."

"Sawa, bibi," akasema. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo baadaye liliniumiza.

Alhamisi alasiri nilipeleka bukta mbili uwanjani, nilizokuwa nimezibadilisha mpira wa kiunoni. Walikuwa mazoezini. Karibu Ndani alivaa singlendi kuukuu iliyokatwa mikono, na alikuwa anatupa. Ukaingia. Akatupa tena. Ukaingia. Nikasimama na bukta zangu nikahesabu mpaka kumi na moja, na ile pete yetu imepinda upande mmoja kama mdomo wa mtu mwenye dharau. Kisha wakacheza kukaba, na akanyanyua mikono, jamani, mikono mirefu mpaka mwenzake akasimama hajui apite wapi.

"Kumbe anaweza!" nikamwambia kocha.

"Mazoezini ndivyo alivyo. Siku ya mechi anaganda. Ni woga."

"Woga wa nani?"

Kocha alijikuna shingo. "Usikasirike, mama. Wa kwako."

Nilicheka, kwa sababu mtu akikuchoma pini unacheka kwanza. Lakini njiani kurudi nyumbani nilimpita kinyozi bila kumtania, akatoka mlangoni kuniangalia kama niko mzima.

Wala sikurudi mikono mitupu. Kabla ya mechi kubwa huwa nakusanya jezi nizikague, mshono uliolegea niufunge. Wenzake wote huleta. Yeye kila mara, "Iko sawa, bibi, usijisumbue." Siku hiyo begi lake lilikuwa wazi kwenye ngazi, na mimi sijawahi kuliacha begi lililo wazi. Nikaichukua jezi nikaifunga ndani ya kanga yangu.

Nyumbani niliigeuza ndani nje, nikaitandaza mezani chini ya taa ya cherehani.

Kwapa la kulia lilikuwa limechanika na kushonwa. Likachanika tena, likashonwa tena juu yake, na mara ya tatu. La kushoto vivyo hivyo. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha njano, mshono wa mkono, mrefu, mfupi, mrefu, kama barua iliyoandikwa ndani ya gari linalotembea. Mwishoni kila mara fundo kubwa, la mtu anayeogopa lisifunguke mbele ya watu. Kuzunguka kwapa palikuwa pamekakamaa kwa jasho na kuna vidoa vya damu iliyokauka, vidogo, pale kitambaa kinapokula ngozi.

Nimesoma nguo maisha yangu yote. Nguo inakuambia nani ananenepa, nani ana mimba hajasema, nani analala amevaa hivyo hivyo. Hii iliniambia kila kitu, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Nilichukua futi nikapima mgongo, bega hadi bega. Inchi kumi na sita. Nilijua kabla sijapima. Hiyo namba ya mwanangu naijua usingizini.

Kitambaa kile hakivutiki. Mtu mwenye mabega mapana ukimvika mgongo wa inchi kumi na sita, na kwapa la juu, la heshima, kwa sababu bibi mmoja hataki kuona makwapa, huyo umemfunga kamba. Anaweza kudunda, anaweza kugawa, vyote hivyo ni vya chini. Akinyanyua mikono jezi inamkamata. Na miezi mitatu mimi niliyemfunga ndiye niliyekaa mbele nikimuuliza amezaliwa nayo ya nini.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Halafu nikaipasha nikanywa, maana kujilaumu na njaa haviendi pamoja.

Ijumaa asubuhi alikuja mwenyewe, anatafuta jezi.

"Shikamoo, bibi. Sijui umeiona..."

"Marahaba. Geuka."

Nikampima. Inchi kumi na nane na nusu. Nikapima mara ya pili labda futi imekosea. Futi haikukosea.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama chini. "Ningesema saa ngapi, bibi? Wewe ulikuwa unapiga kelele."

"Na siku ya kujaribu? Sikuwa napiga kelele siku ile."

Kijana mwenye adabu akitaka kusema jambo zito hushika kitu. Alishika chaki yangu. "Siku ile ulikuwa unalia, bibi."

"Nilikuwa natafuta pini."

"Zilikuwa mdomoni."

Kumbe aliona. Mimi na ujanja wangu wote nilidhani kioo kinaonyesha upande mmoja.

"Nikaona nikisema inabana, utanivua," akasema. "Nikaona bora nijibane kidogo."

Nikamwambia aende, arudi Jumamosi saa nane, na aache chaki yangu.

Kazi yenyewe si ngumu. Unafumua ubavu, unaweka kipande chini ya kila kwapa, na mgongoni unaingiza vipande viwili virefu. Ila kitambaa kiwe kile kile, kisivute upande. Na jora lilikwisha, na duka lililoniuzia sasa linauza simu. Katika nyumba yangu njano ile ilikuwa mahali pamoja tu.

Nilifungua sanduku. Jezi ya mwanangu ilikuwa chini, chini ya shuka za baba yake. Ilikuwa imepauka kwa jua la misimu mitano, karibu rangi ya siagi. Niliinusa. Nitasema kweli: ilinuka dawa ya nondo. Miaka yote nilikuwa nikiinusa nikijiambia ni yeye.

Mkasi nilioushika ni ule mkubwa, wa makoti. Nilianza mara mbili nikaacha, mara moja nikidai chai imechemka na mara moja nikidai mlango umegongwa. Hapakuwa na mtu. Mara ya tatu nilikata haraka, upande wa mbele, nikiiacha namba nzima. Sauti yake ni ile ile ya kitambaa chochote.

Jumamosi saa kumi ngazi zilijaa mpaka watu wakakalia matofali. Lile jitu lilikuwa limerudi na timu yake, ndio tuliopangiwa. Kijana wetu akaingia. Dakika ya pili akapata mpira, yuko peke yake, akanyanyua mikono akatupa. Pete iliyopinda ikaukataa, tena kwa kiburi.

"Karibu Ndaaani!" uwanja ukaitika.

Mimi kimya.

"Mama, unaumwa?" kinyozi akauliza.

"Kula karanga."

Kukosa alikosa. Lakini alikosa kwa mikono yake mwenyewe, si kwa yangu. Jitu likauchukua mpira, likaja linatabasamu, limezoea njia. Likaenda kushoto, likatupa. Kijana akanyanyua mikono yote miwili, mpaka mwisho wake, na chini ya kila kwapa nikaona vile vipande vilivyopauka vikifunguka kama madirisha mawili. Mpira ukagonga kiganja. Ukalirudia jitu usoni.

Uwanja ukalipuka. Kinyozi alimwaga karanga zote.

Mipira aliyotupa baada ya hapo sikuiona vizuri. Watu wanasema alifunga pointi kumi na tisa na kukosa kama saba, na tulishinda kwa tatu, na wanasema ile ya mwisho haikugusa hata pete. Mimi sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa naangalia makwapa, mimi niliyeyakimbia maisha yangu yote. Kila akinyanyua mikono, siagi, siagi, mara mbili, halafu inapotea. Nilimtafuta mwanangu pale kama ninavyomtafuta kila mechi. Akidunda alikuwepo: kushoto, ulimi nje. Akinyanyua mikono hakuwepo. Alikuwepo kijana mwingine, mwenye mgongo mpana, mtoto wa mama mwingine aliyekuwa ngazi ya juu kabisa akipiga vigelegele, na mimi msimu mzima sikuwa nimegeuka hata mara moja kumtazama.

Nikageuka. Nikampungia mkono. Akanipungia na yeye, kwa uangalifu, kama mtu aliyeambiwa mapema kuhusu mdomo wangu.

"Leo ameufunga mlango," kinyozi akasema tukiondoka. "Nani amempa dawa?"

"Uzi mzuri," nikamjibu. Na sikumwambia zaidi, kwa sababu kinyozi ukimwambia kitu umekibandika ukutani.

Jumapili asubuhi nilimpigia mwanangu mimi, kabla hajanipigia.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Una futi?"

"Nini?"

"Kipimo. Fundi umeme gani hana kipimo?"

"Ninacho cha chuma, cha sentimita."

"Hicho hakikunjiki. Chukua waya, jizungushe kifuani, halafu upime waya. Usivute pumzi ndani kunidanganya."

Nilisikia droo ikifunguliwa, waya ukiburutwa, mtu mzima akihema. Alianza kucheka, na kicheko kilikuwa cha baba yake, kizito, kinachoanzia tumboni. Zamani hakuwa nacho.

"Kifua mia na kumi na mbili."

"Kiuno?"

"Mia na sita."

"Umejipima pamoja na meza?"

"Mama!"

"Mgongo, bega hadi bega. Huo huwezi peke yako. Hakuna mtu hapo?"

Akasema hakuna. Kisha akasema atajiegemeza ukutani, atie alama kwa penseli kila upande, apime alama. Nikasubiri. Nilikuwa nimemfundisha mimi mambo ya alama za penseli, au labda alizaliwa nayo.

"Hamsini na moja."

Nikaandika. Ni inchi ishirini. Mkono wangu ukasimama kidogo juu ya karatasi.

"Unanishonea nini?"

"Shati."

"Utalituma?"

"Silitumi. Utakuja ulijaribu. Shati halijaribiwi kwenye simu."

Nikamsikia akivuta pumzi, nikajua kinachokuja, ni cha kumi na mbili. "Mwakani, mama."

"Sawa. Ila ukinenepa tena kabla ya hapo, nipigie nijue."

Baada ya simu niliondoa ile karatasi ya zamani msumarini, nikaikunja na kuiweka kwenye sanduku pamoja na namba iliyobaki. Karatasi mpya ya kaki haikumtosha. Ilibidi nigundishe mbili. Nikachora, nikakata, nikamtoboa tundu, nikamtundika nyuma ya mlango pale pale.

Ni mpana mno. Sasa nikitaka kutoka lazima nijipinde kidogo, nimpishe.